Ng'ombe wa Mchora Ramani

Mchora ramani alitazama katuni huku ameizima sauti. Aliketi mkekani, mgongo ukutani, mdomo wazi kidogo, na mtu akianza kuzungumza aliinua mkono kama askari wa barabarani. Mara ya kwanza kumkuta hivyo nilidhani televisheni imeharibika. Mkewe, ambaye namwita Bibi ingawa hatuna udugu wa damu, aliniambia nisijisumbue kuuliza.

"Kaanza tena," alisema. "Ati anatafuta anayechoka."

Hiyo ndiyo iliyokuwa lawama kubwa ya mumewe kwa katuni zote alizopata kuziona. Watu wa humo hawachoki. Wanakimbia, wanaanguka kutoka ghorofani, wananyanyuka na kukimbia tena, na hakuna hata mmoja anayeshika kiuno. Alisema mtu asiyechoka hana mwili, na asiye na mwili huwezi kumchora, unaweza kumpaka rangi tu. Wanyama wanaosema hakuwataka kabisa. Lakini yeye mwenyewe, akiwa kazini, alizungumza kutwa nzima na ng'ombe aliyekuwa akimchora, akimwomba asogee, akimkemea kwa ajili ya mkia.

Nyumba yao na yetu zinatazamana hapa Wete, uchochoro mmoja katikati. Kabla ya kustaafu alichora ramani ofisini: mipaka ya mashamba, njia za maji, viwanja vya skuli. Jina la kazi likamganda, na hata watoto wasiojua ramani ni kitu gani walimwamkia kwa jina hilo. Alikuwa mtu wa vipimo. Aliweza kukwambia hatua ngapi kutoka mlangoni kwake mpaka sokoni, na kwa nini siku ya mvua ni zaidi. Lakini miwani yake hakuijua ilipo siku hata moja. Alihubiri subira, na chai ikichelewa alinuna mpaka adhuhuri.

Mimi nilirudi kutoka Dar es Salaam na shahada ya kutengeneza katuni, na huu ni mwaka wa pili niko nyumbani. Nimetengeneza tangazo la duka la simu, ambamo simu inarukaruka. Nimetengeneza kadi za harusi zenye maua yanayoanguka, nyingi kiasi kwamba nikiona ua la kweli natafuta mahali pa kubonyeza. Nina mradi wangu wa popo, hadithi kumi na moja nimeshaziandika na hata moja sijaichora, kwa sababu kila nikianza nafikiria watakaoicheka, halafu nafikiria kwamba hakuna atakayeitazama, na hilo la pili linaniuma zaidi. Nimeandika barua za kazi. Nikituma, nakaa nikiitazama simu kama mtu anayengoja maji yachemke.

Nilipomwambia mchora ramani kwamba nilichosomea kinaitwa uhuishaji, hakupendezwa. Kuhuisha kuna mwenyewe, alisema. Yeye alikuwa akichora mwendo tu, kama alivyochora mito, ila hii inatembea.

Alianza kazi hiyo baada ya kustaafu, na hakufundishwa na mtu. Siku moja ofisini, miaka mingi nyuma, alipandanisha ramani mbili za ufuo mmoja, ya zamani na mpya, akazipeperusha kwa kidole, akaona pwani inasogea. Alisema alishtuka akatazama nyuma, kama mtu aliyechungulia nyumba ya watu. Alipopewa mkono wa kwaheri aliomba mabunda mawili ya karatasi za kupitishia, zile nyembamba zinazoonyesha kilicho chini yake, na kioo cha dirisha lililong'olewa jengo lilipokarabatiwa. Kioo akakiweka mshazari juu ya miguu minne ya mti wa mkarafuu. Chini yake akaweka kioo cha kujitazamia cha Bibi, kikaelekea mlangoni kukamata jua. Mwanga ukapanda kutoka chini, ukapenya karatasi tatu kwa pamoja, na picha ya jana ikaonekana chini ya picha ya leo. Alifanya kazi mpaka jua lilipohama mlango, basi. Umeme hakuutaka, alisema unaficha makosa. Bibi hakurudishiwa kioo chake. Kwa miaka sita alijitanda mtandio kwa kubahatisha, na hakuna mgeni aliyeondoka bila kulisikia hilo.

Filamu yenyewe ilikuwa ya dakika moja. Ni siku ya mchezo wa ng'ombe. Dume linaingia uwanjani na kamba yake, zumari linapulizwa, wanawake wanaimba, mchezaji anatikisa kitambaa. Ng'ombe anamtazama. Anakwenda huku, anarudi, anatikisa pembe mara moja kama anayefukuza nzi. Halafu, mbele ya watu waliotoka vijiji vitatu kuja kumwona akighadhibika, analala chini.

Ng'ombe huyo alimwona kwa macho yake. Watu walicheka, na mwenye ng'ombe aliona haya akaondoka kabla ya wenzake. "Lakini sijapata kuona kiumbe akikataa kwa adabu vile," alisema. Nilimuuliza ng'ombe alikuwa anakataa nini. Akanitazama kwa huruma, kama nimeuliza maji yanalowesha nini.

Watu wote katika filamu ile wametupa mgongo. Mpuliza zumari tunayaona mashavu tu, yametokeza pembeni ya shingo. Wanawake ni kanga na visogo. Mwanzoni alikuwa na nia ya kuwachora nyuso, kisha mzee mmoja msikitini akamuuliza, kwa upole, atajibu nini siku ya hesabu kuhusu sura alizozitengeneza. Siku mbili hakugusa kalamu. Akaamua watu atawachora kwa nyuma, nyuso aziache kwa aliyeziumba.

"Na ng'ombe?" nilimuuliza.

"Ng'ombe yule mbona nshamla nyama yake, miaka mingi," alisema. "Hana la kunidai."

Sikujua kama anatania. Nilikaa na jibu hilo wiki nzima nikiligeuzageuza, kwa sababu na mimi nachora, na popo wangu wana nyuso, tena wana kope. Baadaye, bila kuulizwa, akaniambia kwamba yeye pia huogopa. Akasema mtu anaweza kuogopa na mkono ukaendelea. Nimeliandika hilo mahali. Sijaweza kulifanya.

Barazani walimtania sana. Muuza nyama wa kona ndiye aliyekuwa bingwa wao.

"Yakhe, ng'ombe wako keshafika wapi?"

"Yuko njiani."

"Miaka sita njiani? Miye ng'ombe mmoja nammaliza asubuhi moja, na watu washamla."

"Ndiyo," alisema mchora ramani. "Na wako kesho hayupo."

Popo wangu hakuwapenda. Nilimwonyesha mmoja kwenye kompyuta, mwenye macho makubwa yanayong'aa, na kisa chake kwamba anaogopa kuruka. Alimtazama kwa muda, akauliza kama anaumwa. Kisha akauliza kama nimewahi kukaa chini ya mti wa popo, nikatazama wanavyojikunyata na kujipepea mchana wa jua. Nilisema nimewaona, nani Pemba hajawaona popo? Akasema kuona si kutazama. Popo haogopi kuruka, alisema, kama anaogopa kitu basi ni kurudi akaukuta mti umekatwa. Niliudhika, nikaenda nyumbani, nikajua kwamba amesema kweli, nikaudhika zaidi.

Alasiri alishona kofia. Kofia ya mkono, ya vitobo vidogo vilivyozungushwa uzi kimoja kimoja mpaka ua likatokea, huchukua miezi, na huko ndiko alikopata subira yake ya picha. Kwa wenye kujua, kila mshonaji ana mkono wake. Mmoja hukaza uzi, mwingine hulegeza, na haiigiki. Mwaka mmoja alishikwa na homa kofia ikiwa imebaki robo, na Bibi, ambaye ni mshonaji mzuri kuliko yeye, akaimalizia ili iwahi sikukuu. Mnunuzi sokoni aliipitisha vidoleni bila hata kuitazama. Vidole vikasimama mahali pamoja.

"Hapa pana mtu mwengine," alisema, akairudisha.

Mchora ramani hakubishana. Alivisifu vidole vya yule mnunuzi njia nzima kurudi nyumbani. Tangu siku hiyo akawa mkali: kazi ni ya mkono mmoja, ama iachwe bila kumalizwa. Lakini kofia ile hakuifumua wala hakumpa mtu. Aliivaa mwenyewe, siku za kazi na siku ya Ijumaa, akaivaa mpaka ikawa rangi ya chai, na mahali pa mkono wa Bibi alipaweka kisogoni. Sikumwelewa. Nilimuuliza Bibi, akasema mimi nafikiri sana, kofia ni kofia.

Kisha macho yake yakaanza kuingia ukungu. Kutoka picha mbili kwa wiki alishuka mpaka moja. Siku moja ng'ombe akawa na pembe tatu, na Bibi ndiye aliyeiona. Mchora ramani aliishika karatasi karibu na pua, akaiweka chini, akatoka nje kukaa barazani na asubuhi hiyo hakurudi kwenye kioo. Mganga wa hospitali alisema ni mtoto wa jicho, utaalamu upo, ila madaktari wa macho huja kwa zamu na hakuna ajuaye zamu yao ni lini.

Zilikuwa zimebaki picha sitini. Sekunde tano. Ng'ombe kulala.

Aliniita, akanikalisha, akanipa karatasi mbili. Ya kwanza ng'ombe amesimama, ya mwisho ng'ombe amelala. Za katikati akasema nichore mimi, kwa mkono, kwenye karatasi zake, juu ya kioo chake. Nilijua lilivyokuwa gumu kwake, na yeye alijua najua, kwa hiyo hatukulizungumza.

"Ng'ombe hulala kwa magoti ya mbele," aliniambia. "Kwanza hilo, kisha hili, anakaa hivyo kidogo kama anayefikiri, ndiyo nyuma inafuata. Mtu akikosea hapo, hata mtoto wa kisiwani Makoongwe asiyefuga ila samaki atacheka. Umesikia, mjukuu wangu?"

Nikasema nimesikia.

Wiki hiyohiyo kampuni moja ya Dar es Salaam ilinijibu barua, baada ya kimya kirefu, ikitaka mifano ya kazi zangu ndani ya siku saba. Nilichora picha nne za ng'ombe. Zilikuwa mbaya. Usingizi ulinipotea nikifikiria kampuni, na nikiifikiria kampuni nilimwona ng'ombe. Siku ya tano nilipiga picha karatasi zake zote, nikaziingiza kwenye kompyuta, nikaweka aliyesimama huku na aliyelala kule, nikaiamuru programu ijaze katikati. Ilijaza kwa muda wa kunywa maji. Ng'ombe alishuka chini taratibu, laini, kama tairi linalotoka upepo. Miguu iliingia ndani ya mwili. Goti halikuonekana hata moja.

Nilijiambia ni sekunde tano tu. Nilijiambia nitazirekebisha baadaye. Haya ndiyo mambo ambayo mtu anayefikiri sana anaweza kuyafanya bila kufikiri.

Nilimpelekea. Alikaa mbele ya kompyuta, uso umeelekea kidogo pembeni mwa kioo, kama kipofu anavyoelekea sauti.

"Kalala?"

"Kalala, Babu."

"Kaanza na magoti ya mbele?"

Bibi alikuwa jikoni. Hakukuwa na mtu mwengine wa kuona.

"Ndiyo," nilisema.

Akashusha pumzi ndefu, nikaona mabega yake yanashuka, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akaifunika kalamu yake ya wino na kuitia mfukoni. Alasiri hiyo Bibi alirudishiwa kioo chake. Nilimsikia akicheka mpaka kwetu. Mchora ramani aliomba filamu iwekwe kwenye simu ya Bibi, ili wageni waione, na wageni waliiona, na muuza nyama aliitazama mara mbili, asiseme kitu. Kimya chake kilinitisha. Yeye ng'ombe anawajua.

Kampuni nayo niliipelekea mifano, haikujibu tena.

Madaktari wa macho walikuja baada ya miezi miwili, akapasuliwa jicho moja. Nilisikia kutoka kwa mama kwamba amefunguliwa bandeji, kwamba anaona, kwamba anamsomea kila mtu vibao vya maduka. Sikwenda kumpa pole wala hongera. Nikitoka nyumbani nilipitia mlango wa uani. Nikiisikia sauti yake barazani nilingoja. Hakuniita, na kila siku aliyokosa kuniita niliihesabu kuwa hukumu, kisha nilijiuliza labda hajaitazama bado, kisha nilijiuliza kwa nini asiitazame, na nilichoka uchovu ambao usingizi hauuondoi.

Mwishowe nilikwenda kumtazama ng'ombe. Nyuma ya skuli kuna wa jirani, hufungwa kwenye mnazi. Nilikaa saa mbili nzima akila. Simu ikatoa mlio, nikainama kuisoma, nilipoinua kichwa keshalala. Nikarudi kesho yake, simu nimeiacha nyumbani. Alipolala safari hii nilimwona: goti la kwanza, la pili, kile kituo anachokaa kama anayefikiri, na kiuno kikibaki juu kama kimesahauliwa. Nikarudi siku ya tatu, na ya nne. Nilichora sitini kwenye karatasi zake zilizobaki kwangu, kwa mkono, nikizibandika kwenye kioo cha dirisha letu. Zilinichukua siku kumi na tisa.

Nilivuka uchochoro asubuhi, jua likiwa mlangoni mwao. Nilimkuta kwenye kioo chake cha kazi. Cha kujitazamia kilikuwa chini yake tena, Bibi amenyang'anywa. Alikuwa amevaa miwani mipya, kofia yake ya rangi ya chai kichwani.

Nilimwamkia, akaitikia bila kuinua kichwa.

"Babu, nilikudanganya."

"Nshajua. Nlipofunguliwa jicho, kitu cha pili kukitazama ni ng'ombe."

"Cha kwanza miye," Bibi alisema kutoka ndani. "Akanambia, kumbe umezeeka."

Hakucheka. Alichovya kalamu. "Ng'ombe wako hakulala," alisema. "Kamwagika." Kisha akageuka, akaniangalia kwa lile jicho moja lililosafishwa, na ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu kutazamwa naye hasa. "Uliponambia ndiyo, ulikuwa unajua?"

Nilikuwa nimeandaa maneno. Kuhusu kampuni, kuhusu siku saba, kuhusu usingizi.

"Nilikuwa najua."

Akatikisa kichwa polepole, kama anayekubali kipimo. Akanisogezea kigoda. Niliziweka picha zangu mkekani, asiziguse, akanionyesha zake kwanza. Alikuwa ameanza upya, peke yake, na alikuwa amefika ya tisa. Akazipeperusha kwa kidole. Mistari ilitetemeka. Mkono wake haukuwa tena ule wa ramani, na nilitaka kutazama pembeni. Lakini ng'ombe alikuwa anakunja goti la kwanza, na goti lile lilikuwa linatetemeka kabla ya kukubali, kama goti la mnyama aliyesimama juani tangu asubuhi mbele ya watu wanaompigia kelele. Ningeweza kulichora goti hilo miaka kumi nisilipate.

"Niliona ghadhabu mwanzo," alisema. "Mkono kukataa. Kisha nikatazama vizuri nikaona, huyu ng'ombe kachoka. Ndilo nililokuwa nalitafuta humo kwenye televisheni."

Ndipo akazichukua zangu. Alizipitisha juu ya kioo, mwanga ukiwaka chini yake, moja moja, akisimama kwenye kile kituo cha ng'ombe kufikiri, akarudi nyuma, akakipita tena. Aliuliza nimemtazama ng'ombe gani. Nikamwambia wa nyuma ya skuli. Akauliza siku ngapi. Nikamwambia nne, na ya kwanza nilimkosa.

Bibi alitoka na chai, akaviangalia vioo viwili na sisi wawili, akaiacha chai akarudi ndani. Mchora ramani alizitenga picha zangu tisa za mwanzo, akaziweka chini ya mkeka. Mahali pake akaweka zake tisa. Zilizobaki akazilinganisha kingo, akaziweka juu.

"Kutoka ya kumi ni zako," alisema.

Mistari yangu ilikuwa imenyooka, safi, ya mtu wa skuli. Ya kwake ilitetemeka. Hata mimi, nikisimama mlangoni, ningeiona ya kumi.

"Pataonekana, Babu," nilisema. "Mkono ukibadilika, pataonekana."

Aliivua kofia. Akaizungusha vidoleni, bila kuitazama, mpaka kidole gumba kikasimama mahali pamoja, pale pa mkono wa Bibi. Akaivaa tena, na mahali hapo akapaweka mbele, juu ya paji la uso.

"Shika hapo pembe ya karatasi," aliniambia. "Upepo."